Kufundisha Kiingereza Korea: viza, shule na maisha yangu ya Busan

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote: wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, wa Lamu, na nyinyi wa Muscat na Dubai mnaonitazama usiku mkishatoka kazini. Leo ni Jumamosi, nje mvua ya Julai haina hata dalili ya kukatika, kwa hiyo nimeamua kukaa tuzungumze kwa kituo.

Swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Dada, na mimi nifanyeje nije nifundishe Kiingereza huko?" Nitaanza na hilo, maana kuna watu wanaliwa pesa zao kwa ajili yake.

Viza ya mwalimu wa lugha wa kigeni hapa inaitwa E-2. Sharti lake la kwanza si Kiingereza chako, ni pasi yako. Kwa Kiingereza, Korea inawapokea raia wa nchi saba: Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Tanzania haimo. Uganda haimo. Unaweza kuwa na shahada ya ualimu na miaka chungu nzima ya kusimama ubaoni, lakini ukienda na pasi ya Kenya, E-2 hupewi. Mimi hili linaniuma, na sioni haya kulisema. Mtoto wetu anafundishwa hesabu, sayansi na historia kwa Kiingereza tangu akiwa mdogo, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari Kenya anauandika kwa Kiingereza, halafu anaambiwa hiyo si lugha yake ya kufundishia. Kijana aliyezaliwa Texas anakaribishwa hata kama hajawahi kushika chaki.

Mimi nimepita kwa pasi ya Marekani. Nilizaliwa Mombasa, tukahamia Columbus, Ohio, nikiwa bado shule ya msingi, na huko ndiko nilikosoma mpaka chuo kikuu. Tena hata hilo la kusoma huko linaangaliwa. Mpango wa serikali unaoajiri walimu wa shule za umma, EPIK, ambao ulianza mwaka 1995, unataka uwe umesoma kwenye nchi hiyo kuanzia darasa la saba, na uwe umeishi huko miaka 10 au zaidi kwa jumla. Juu ya hapo kuna shahada yenye muhuri wa apostili, yaani uthibitisho rasmi wa kufanya karatasi ikubalike nchi nyingine, na barua ya polisi ya kuonyesha huna kosa la jinai. Kwetu Marekani barua hiyo inatoka FBI, nayo lazima ipigwe apostili. Anzeni mapema, nyinyi mlioko Minneapolis na Toronto wenye pasi za huko, kwa sababu karatasi hizi ndizo zinazochelewesha watu wakakosa muhula mzima.

Sasa nirudi kwenu mlioko nyumbani. Kuna kijana wa kwetu pwani, simtaji, aliuza pikipiki yake iliyokuwa ikimlisha yeye na mamake. Aliambiwa na wakala kwamba ataingia Korea kwa viza ya matembezi, halafu "itabadilishwa" akiwa huku, afundishe Kiingereza. Hakuna kitu kama hicho. Viza ya matembezi haiwezi kugeuzwa kuwa ya ualimu kwa mtu ambaye pasi yake haimo kwenye zile saba. Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali unatozwa faini, unarudishwa, na unafungiwa kuingia tena. Wengine wanadanganywa na viza ya kazi za viwandani, E-9. Hiyo inatolewa kwa nchi zilizotia saini mkataba na Korea, zote za Asia: Ufilipino, Nepal, Vietnam, Bangladesh na wenzao. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Mtu akikwambia ana nafasi yako ya E-9 Mombasa, mshike mzazi wako mkono muondoke hapo ofisini.

Najua baadhi yenu mtasema nawavunja moyo. Bora nikuvunje moyo mimi bure kuliko akuvunje mtu uliyemlipa.

Na hata kwa wenye pasi hizo saba, si wote wanapokewa sawa. Maombi mengi ya kazi huku yanataka picha. Kabla sijapata shule ya serikali nilijaribu vituo vya tuisheni, ambavyo huku vinaitwa hagwon na viko kila mtaa, orofa juu ya orofa. Kuna kimoja tulizungumza vizuri sana kwa simu, wakafurahia masomo yangu, wakafurahia matamshi yangu. Nikatuma picha, mtu mweusi, nimejitanda ushungi wangu. Simu ikafa. Sikulia, lakini nilikaa kitako muda mrefu. Nawaambia ili ukija na ukakutana nalo, usidhani kasoro ni yako.

Tofauti ya hagwon na shule ya serikali iko hivi. Hagwon unaanza mchana na kutoka usiku, kwa sababu watoto wanakwenda huko baada ya shule. Likizo ni chache, na uzuri wa kazi unategemea mwenyewe ni mtu wa namna gani. Kuna wema wengi. Kuna pia wanaomwachisha mwalimu kazi mwezi wa kumi na moja wa mkataba, kwa sababu akitimiza mwaka sheria inamdai mwajiri kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mzima. Mkataba usomeni mstari kwa mstari. Shule ya serikali ni saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na nusu jioni, vipindi 22 kwa wiki, na mshahara wa mwalimu anayeanza ni milioni mbili na kitu za won, pesa ya huku. Kwa shilingi za Kenya inakaribia laki mbili au inazipita kidogo. Nyumba ni juu yao. Bima ya afya mnalipa nusu kwa nusu na mwajiri. Pensheni mnachangia pia, na sisi wenye pasi ya Marekani tunarudishiwa ile pesa tukiondoka kabisa.

Ukifika, una siku 90 za kujiandikisha uhamiaji upewe kadi ya ukaazi. Bila kadi hiyo, laini ya simu kwa jina lako ni shida na benki ni shida, na mambo yote ya hapa yanapitia kwenye simu. Kwa hiyo njoo na akiba ya kukufikisha mshahara wa kwanza.

Nyumba yangu ni chumba kimoja, jiko liko pale mnapoliona, kitanda hapa. Sakafu inapashwa joto kwa maji moto yanayopita chini yake, na Januari mimi hulala chini kabisa kama paka. Kilichonipa taabu ni taka. Huku hutupi taka hivi hivi. Taka za kawaida zina mifuko yake ya kununua, na mfuko umeandikwa wilaya yako. Wa wilaya nyingine haukubaliki. Plastiki mbali, karatasi mbali, chupa mbali. Mabaki ya chakula nayo yana pipa lake, lakini mifupa ya kuku si mabaki ya chakula, wala maganda ya mayai. Ajuma mmoja wa jengo letu, mama mtu mzima sana, aliniona nimesimama na mfupa mkononi sijui niuweke wapi. Hakusema neno. Aliuchukua, akautia kwenye mfuko wake wa taka za kawaida, akanipiga begani. Tangu siku hiyo nikikutana naye naweka mikono mbele na kuinama, naye ananipa perilla, majani ya mboga ya huku, kutoka kwenye kibustani chake. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hapati tabu hapa. Kumpa mkubwa kitu kwa mikono miwili, kutoanza kula kabla yake, haya tumeyanyonya na maziwa.

Shuleni watoto wanaanza Kiingereza darasa la tatu, kipindi ni dakika 40, na nafundisha pamoja na mwalimu mwenza Mkorea. Darasa la tatu wanapiga kelele mpaka madirisha yanatikisika, la sita hawataki hata kukutazama. Lakini nililoliona mimi, na linalonifanya niipende kazi hii, ni pengo lililo ndani ya chumba kimoja. Mtoto ambaye wazazi wake wanamudu hagwon tangu chekechea anakusomea hadithi. Jirani yake wa dawati hajui herufi. Kitabu ni kimoja, kipindi ni kimoja.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la nne hafungui mdomo. Walidhani mkaidi. Mwalimu mwenza na mimi tukaanza kumweka baada ya chakula, robo saa, na kadi za herufi. Hakuwa mkaidi, kila ubao ulipoandikwa alikuwa anatazama michoro tu, herufi hazijui. Tulipofika katikati ya kadi, alichukua penseli akaandika jina la mbwa wake kwa herufi za Kilatini, polepole, ulimi nje, akafuta herufi moja, akairudia. Kisha akaikimbiza ile karatasi korido nzima kumwonyesha mwalimu wa darasa lake. Niliingia chumba cha vitabu nikafuta machozi. Walimu mnaonisikiliza mnalijua hilo.

Na pesa zote hizo za tuisheni mjue zinalipwa kwa ajili gani. Novemba kuna mtihani wa kuingia chuo kikuu. Siku hiyo maofisi yanachelewa kufunguliwa ili barabara zisijae, polisi wanawapakia watoto waliochelewa, na ile sehemu ya kusikiliza Kiingereza ikianza, ndege hazitui wala haziruki nchi nzima mpaka iishe. Mimi nilisimama dirishani siku hiyo, anga tupu, nikawaombea dua watoto wa watu.

Upande wa pili, watoto wenyewe wanapungua. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilikuwa 0.72, yaani hata mtoto mmoja kwa kila mwanamke hafiki. Shule zinaunganishwa, nyingine zinafungwa. Mnaopanga kuja baada ya miaka kadhaa, litieni hilo hesabuni.

Mama zangu wameniuliza nakula nini. Chakula cha shule kinaletwa kwenye sinia la chuma lenye vyumba: wali kushoto, supu kulia, juu kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na mboga na kitoweo. Ratiba ya mwezi mzima inatolewa mapema, na kila chakula kina namba pembeni za vitu vinavyodhuru wenye mzio. Namba 10 ni nguruwe. Waislamu wenzangu, kariri namba hiyo kabla ya kujifunza salamu. Ikiwapo kwenye supu, supu naiacha. Nakula samaki, mayai, tofu, mboga. Mama wa jikoni alishagundua, siku za namba 10 ananiongezea yai bila kuulizwa.

Nyumbani napika mwenyewe. Busan ni mji wa bandari, na soko la Jagalchi lina pweza, ngisi, samaki wa kila aina, wengine wazima wanaogelea kwenye matangi. Siku ya kwanza nilipolisikia lile harufu la chumvi na magamba, miguu ililegea. Tui ni la kopo, mchele wa basmati nanunua karibu na msikiti. Msikiti upo, Al-Fatah, karibu na stesheni ya Dusil, tangu 1980. Kuswali shuleni nimepewa kile chumba cha vitabu. Kilichonichanganya ni nyakati. Sisi Mombasa magharibi haihami sana mwaka mzima. Hapa Juni jua linazama karibu saa mbili kasoro dakika ishirini, Desemba saa kumi na moja na robo. Ukitegemea mazoea, swala inakupita.

Haya, sasa mlango ambao uko wazi kwenu kwa pasi zenu wenyewe. Serikali ya Korea ina ufadhili wa masomo unaoitwa Global Korea Scholarship, GKS. Unalipiwa ndege, mwaka wa kujifunza Kikorea, ada, na posho ya kila mwezi. Unaomba kupitia ubalozi wa Korea, Nairobi au Dar es Salaam, au moja kwa moja kwenye chuo. Shahada za uzamili na uzamivu kwa kawaida hutangazwa mwanzoni mwa mwaka, shahada ya kwanza karibu na Septemba. Kuomba hakuna malipo. Ukiombwa "ada ya kushughulikia", kimbia. Wakati wa kusoma unaweza kupata kibali cha kazi za muda, kwa saa zenye kikomo, na ukimaliza ukiwa unakijua Kikorea, kuna viza za kutafuta kazi ambazo haziangalii umezaliwa nchi gani. Na walimu wa Kiswahili, jueni kwamba Hankuk University of Foreign Studies inakifundisha Kiswahili kwa Wakorea. Nimekutana na mwanafunzi wake mmoja kwenye treni, akanisalimia "hujambo" kabla sijafungua mdomo.

Video ijayo nitazichambua fomu za GKS moja baada ya nyingine, hasa ile barua ya kujieleza ambayo wengi mnaiandika kwa haraka. Niandikieni hapo chini mnataka kusomea nini, na mko ngazi gani, nijue nianzie wapi. Nami naitika simu ya mama, huko kwenu ndiyo kwanza asubuhi.