Faida Imeandikwa, Fedha Iko Wapi?

Mabibi na mabwana, najua wapo humu waliokuja wakitegemea nitaje kampuni moja wakanunue hisa zake kesho asubuhi. Sitaji. Nimekuja na karatasi moja tu, hii hapa, imejaa maswali ninayoiuliza ripoti ya kampuni kabla ya kununua hisa zake, kwa mwandiko wangu mbaya.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu hisa hupendwa kabla haijachunguzwa, na ukipenda, chongo utaita kengeza. Niliwahi kununua hisa za kampuni ambayo faida yake ilipanda miaka mitatu mfululizo. Ripoti nilikuwa nayo. Ukurasa wa wadaiwa, yaani wateja waliochukua bidhaa na bado hawajalipa, niliuona, nikauruka, maana moyo ulishanunua. Mwaka wa nne wakafuta madeni yasiyolipika, bei ikaporomoka. Karatasi hii niliianza wiki ile, na sharti lake ni kwamba majibu yaandikwe kabla sijatazama bei.

Swali linalobeba karatasi nzima, kwa maoni yangu, ni hili: faida iliyotangazwa, fedha yake imeingia? Chukua kampuni ya mfano. Imeuza bidhaa za milioni 100, gharama zake milioni 80 na zote imelipa taslimu. Taarifa ya mapato inasema faida ni milioni 20, makofi yanapigwa. Sasa tazama mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni: wadaiwa walikuwa milioni 5 mwaka jana, leo ni milioni 35. Yaani wameongezeka kwa 30. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha: 20 toa 30. Kampuni yenye faida ya milioni 20 imefunga mwaka ikiwa imepungukiwa milioni 10 kwenye shughuli zake. Hapo hakuna aliyedanganya. Mauzo ya mkopo huhesabiwa bidhaa ikishakabidhiwa. Lakini mishahara hailipwi kwa ahadi za wateja. Mwaka mmoja wa namna hii unaelezeka. Ikifika mitatu, mimi naifunga ripoti.

Hata hivyo, mtiririko wa fedha nao unachezewa. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilikuwa ikilipa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao za mawasiliano, gharama ya kila siku kabisa, ikaiandika kama mali ya kudumu. Juni 2002 ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 ziliandikwa hivyo, na Julai ikaomba kinga ya ufilisi. Ujanja huo hupandisha faida na pia fedha za shughuli, yaani zile za biashara ya kila siku, kwa sababu gharama imehamishiwa fungu la uwekezaji. Ndiyo maana swali langu la pili hutoa fedha za kununua mali za kudumu kwenye fedha za shughuli, nione kinachobaki. Kwenye hesabu hiyo gharama iliyohamishwa inarudi kuonekana.

Mengine nayapitia haraka. Madeni yanaiva lini? Mkaguzi ameandika nini? Idadi ya hisa imeongezeka? Faida ikikua asilimia 10 na hisa zikaongezeka asilimia 15, faida kwa kila hisa yako imepungua, ingawa ripoti haitakupa pole.

Wapo wanaopenda alama. Joseph Piotroski, profesa wa uhasibu, alichapisha mwaka 2000 kipimo cha alama 9, kila swali ndiyo au hapana, na mojawapo ni kama fedha za shughuli zimezidi faida. Ni kipimo kizuri, ila alikitunga kwa hisa zinazouzwa bei ya chini kulinganisha na thamani yake vitabuni, yaani mali za kampuni ukitoa madeni yake, si kwa kila hisa sokoni. Na karatasi yangu pia msiipeleke benki: kwa benki mikopo ndiyo biashara, na mtiririko wake wa fedha husomwa kivingine.

Nakala ziko pale mlangoni. Chini nimeacha mistari mitatu mitupu ya makosa yenu wenyewe, langu mmeshalisikia. Haya, nani ana swali?