Dripu zilipokwisha Bongaon

DOKTA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto wa Kolkata. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vinawavusha mamilioni ya watu kuingia India, na kipindupindu kinavuka nao. Anapelekwa Bongaon, mpakani. Vyumba viwili vimejaa wagonjwa hadi sakafuni. Ili umwekee mtu dripu, unapiga magoti kwenye matapishi na kinyesi.

SISTA: Na mgonjwa mahututi wa kipindupindu hupoteza hata lita moja kwa saa. Chupa za dripu zikaanza kukatika, na wanaojua kutafuta mshipa uliosinyaa walikuwa wachache.

DOKTA: Akaamua watu wanywe. Kwa kila lita ya maji: glukosi, aina ya sukari, gramu 22, chumvi gramu 3.5, bikaboneti (soda ya kuokea) gramu 2.5. Unga ulipimwa Kolkata, mifuko ya plastiki ikazibwa kwa pasi ya moto, kambini ukakorogwa kwenye mapipa yenye bomba.

SISTA: Hapo kwenye bomba, Dokta, ndipo ninapomheshimu zaidi. Ushahidi wa kunywesha ulikuwapo tayari. Dhaka walishauonyesha mwaka 1968, lakini wodini, mbele ya wataalamu. Yeye alimkabidhi kikombe mama, shangazi, yeyote aliyekaa na mgonjwa. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka hadi 3.6.

DOKTA: Siri iko kwenye utumbo mwembamba. Kuna mlango unaopitisha sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, na glukosi kwa pamoja, na maji yanazifuata. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Ukimpa chumvi bila sukari, mlango haufunguki.

SISTA: Basi wapo wanaosema, "ongeza sukari apate nguvu." Hapana jamani! Sukari ikizidi inayavuta maji yarudi tumboni, mtoto anaharisha zaidi. Chumvi ikizidi, sodiamu inapanda kwenye damu, anaweza kupata degedege.

DOKTA: Na kosa la chupa?

SISTA: Hilo ni kubwa. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, ya lita moja inamiminwa kwenye chupa ya nusu lita, dawa inakuwa kali mara mbili. Soma kipimo kwenye pakiti, tumia yote kwa mara moja, usigawe kwa kukadiria. Maji safi tu, si soda wala juisi. Yakipita saa 24, mwaga.

DOKTA: Asiye na pakiti?

SISTA: Lita moja, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko sawasawa, visiwe na kilima. Mtoto chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Mwenye miaka miwili na zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Wengi huachia hapo kwenye kutapika, na ndipo wanapompoteza. Kunyonya kusikatizwe.

DOKTA: Pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, chini ya miezi sita, miligramu 10.

SISTA: Ila aliyelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, huyo mkimbizeni hospitali. Hata Bongaon, waliozidiwa namna hiyo walianza na dripu, ndipo wakapewa kikombe.