Si Kila Mwasho Ni Mzio

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla sijaanza, naomba anyooshe mkono yeyote aliyewahi kuandikiwa kwenye kadi kwamba ana mzio wa dawa ya malaria. Naam, si wachache. Asanteni, shusheni. Mimi mwenyewe ningenyoosha. Kwa miaka mingi kadi yangu ilibeba maneno matatu ya wino mwekundu: "mzio wa klorokwini". Hayakuwa kweli.

Nilikuwa kijana. Nilimeza klorokwini mchana, usiku wake nikaanza kuwashwa viganjani, nyayoni na utosini. Ulikuwa mwasho wa ndani kwa ndani, kama sindano zinazotembea chini ya ngozi. Unajikuna hapa, unakuta umehamia pale. Ngozi ilikuwa safi, hakuna kipele hata kimoja. Nikapewa vidonge vya mzio. Nikasinzia, nikaamka nawashwa vilevile. Mambo mawili hayo, ngozi safi na vidonge kushindwa, yalikuwa ushahidi tosha, ila hakuna aliyeusoma.

Kwenye mzio wa kawaida wa ngozi, kinga ya mwili humwaga kemikali iitwayo histamini, ngozi ikavimba na kutoa mabaka, na vidonge vya kuzuia histamini husaidia. Klorokwini ina njia yake. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba dawa hii hugusa moja kwa moja kipokezi kilichopo kwenye neva za ngozi zinazopeleka habari ya mwasho. Yaani dawa yenyewe ndiyo inayobonyeza kengele, wakati askari wa kinga wamelala usingizi wao. Watu wengi wenye asili ya Afrika wameonja mwasho huu, nao hupoa wenyewe baada ya siku mbili tatu. Ni adha, tena adha kubwa. Wapo walioacha dozi katikati kwa sababu yake. Lakini si mzio.

Mzio wa kweli unataka kumbukumbu. Kinga hukutana na dawa, ikaiweka akilini, halafu siku nyingine mkikutana tena ndipo moto unawaka. Mfano wangu wa kwanza ni kwinini, na hapa naomba mnivumilie, maana napapenda.

Mwaka 1865 daktari aitwaye Vipan aliandika katika jarida la Lancet kuhusu kwinini kusababisha madoa ya damu chini ya ngozi. Leo tunajua kinachotokea. Damu ina chembe sahani, zile zinazoziba mshipa unapokatika. Mtu mzima mwenye afya anazo kati ya 150,000 na 400,000 katika kila mikrolita ya damu. Baadhi ya watu wachache, baada ya kuzoeana na kwinini, hutengeneza kingamwili za ajabu, yaani protini ambazo kinga huzitumia kumnasa adui. Chukua majimaji ya damu ya mtu huyo, changanya na chembe sahani za mtu mwingine kwenye kichupa: kimya, hakuna kinachoshikana. Tia kwinini kidogo, kingamwili zinazinasa chembe mara moja. Osha kwinini yote, zinaachia. Kwinini inakaa katikati kama ulimbo. Mwilini, chembe zilizonaswa huondolewa na kuharibiwa, na hesabu inaweza kushuka chini ya 20,000 ndani ya saa chache. Fizi zinavuja damu, miguu inatapakaa vidoa vidogo vyekundu visivyofifia ukivibonyeza kwa kidole.

Sasa mtego wenyewe. Malaria nayo hushusha chembe sahani. Mganga akiona hesabu imeanguka, ni rahisi kusema "malaria imekuwa kali" na kuongeza kwinini, na hapo anamwaga petroli kwenye moto. Dawa ya tatizo hili ni kuiacha kwinini. Chembe huanza kurudi ndani ya siku chache. Kuanzia hapo mtu huyo asiiguse tena kwinini, hata ile kidogo iliyomo kwenye kinywaji cha tonic, kwa sababu kingamwili hizo zinaweza kudumu miaka. Glasi moja imewahi kuwalaza watu hospitalini.

Kwinini hiyohiyo imehusishwa tangu zamani na homa ya mkojo mweusi: chembe nyekundu zinapasuka kwa wingi, mkojo unatoka kama kahawa nyeusi. Ilipungua sana klorokwini ilipochukua nafasi ya kwinini.

Nipite haraka kwenye Fansidar, dawa nyingine ya malaria. Ina salfa, na salfa ikigombana na kinga huenda kwenye ngozi: malengelenge, midomo na macho kuungua, ngozi kubanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mwaka 1985 Wamarekani walikadiria, kwa wasafiri wao waliokuwa wakiimeza kujikinga, kifo kimoja kwa kila watumiaji 11,000 hadi 25,000. Angalieni neno "kujikinga". Walimeza kila wiki. Amodiakwini, nayo dawa ya malaria, ni hivyohivyo: ini huigeuza kuwa kemikali inayonata kwenye protini za chembe nyeupe, kinga ikaziona chembe zake mwenyewe kama zimevaa nguo za adui. Waliomeza wiki baada ya wiki ndio walioishiwa chembe nyeupe, takriban mmoja kati ya 2,000. Kwa tiba ya siku tatu, hatari ni ndogo mno kuliko hapo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosikia jina la amodiakwini wakaruka. Dawa ni ileile, ratiba siyo ileile, na kinga huchokozeka kwa kukumbushwa mara kwa mara.

Kuna kundi la tatu linaloingizwa kwenye kapu la mzio kimakosa: damu kuvunjika bila kinga kuhusika. Primakwini, dawa nyingine ya malaria, kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozikinga chembe nyekundu, huzivunja chembe hizo kwa sababu zimezaliwa na upungufu wa ngao hiyo. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1956. Hapo unapima kimeng'enya. Kutafuta kingamwili hakutakupa jibu.

Na artesuneti ya sindano? Msiiogope. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, ulionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 22.5 ukilinganisha na kwinini. Ila ina deni inalolipa baadaye. Inaua kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu. Wengu, au bandama, hukichomoa kile kizoga na kuirudisha chembe barabarani ikiwa imechanika kidogo. Chembe hiyo haitaishi siku zake 120. Kwa hiyo mgonjwa anapona, anaruhusiwa, halafu kati ya wiki ya kwanza na ya tatu chembe hizo zinakufa kwa pamoja, damu inashuka. Kwa baadhi ya wagonjwa kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizoganda juu ya chembe nyekundu, hutoka chanya, kwa hiyo pengine kinga nayo ina mkono wake. Lakini sehemu kubwa ni hiyo kazi ya wengu. Aliyechomwa artesuneti apimwe wingi wa damu kila wiki kwa wiki nne, hata akijiona mzima. Akipauka, macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, asisubiri hiyo wiki iishe.

Kwa hiyo mkifika mbele ya daktari, msiishie kusema "dawa ile ilinikataa". Semeni: nilimeza dawa gani, ni mara ya ngapi, ilianza baada ya saa ngapi au siku ngapi, ngozi ilikuwaje, mkojo ulikuwa wa rangi gani, na nilikuwa nameza nini kingine wakati huo. Saa ya kuanza inaeleza mengi kuliko jina la dawa.

Mzee pale mbele ameuliza kadi yangu iliishia wapi. Niliomba yale maneno matatu yakatwe. Sasa imeandikwa: "Klorokwini: huwashwa usiku wa kwanza, hana vipele, hupoa siku ya tatu." Karani alilalamika kwamba nafasi haitoshi. Nikamwambia ageuze kadi aandike nyuma.