Macho Yakiinama, Tusikimbilie Kuandika "Aibu"

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni kupima hisia za kimaadili kwa watoto wa chekechea wa China: hatia, aibu, fahari, huruma. Zote hatutazimaliza. Nitaanza na mwanasesere. Wanafunzi wangu wamenisikia nikimsema mara nyingi, nawaomba wavumilie tena.

Mwaka 1993, Karen Barrett na wenzake kule Marekani waliwapa watoto wa miaka miwili mwanasesere wa mtafiti, ambaye mguu wake ulikuwa umelegezwa makusudi. Mtafiti anatoka, mtoto anacheza, mguu unachomoka. Mtafiti anarudi. Wapo waliomkwepa, wakageuza uso. Wapo waliomwonyesha kilichotokea, wakahangaika kuurudisha mguu mahali pake. Wale wa kwanza wakahesabiwa upande wa aibu, hawa wa pili upande wa hatia.

Kipimo kizuri, sikikatai. Ninachokataa, na nitaendelea kukikataa, ni kukibeba kilivyo hadi chekechea ya Shanghai na kumwandikia mtoto "aibu" kwa sababu tu ameinamisha macho. Mtoto wa Kichina akikanywa na mwalimu hamkodolei macho; kuinama ni adabu. Nanyi mliolelewa na bibi mnalijua hili: ukimkazia macho mkubwa anayekusema, makosa yanakuwa mawili.

Halafu hiyo aibu yenyewe ni ipi? Jin Li na wenzake, mwaka 2004, walikusanya maneno 113 ya Kichina yanayoihusu. Mia moja na kumi na tatu! Sisi tuna haya, soni, aibu, fedheha, na hatuyachanganyi: mwenye haya tunamsifu, aliyefedheheka tunamsitiri. Mencius, mwanafalsafa wa Kichina, alishasema, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba moyo wa kuona haya ndio chipukizi la uadilifu. Mchina aliyeaibika husemwa amepoteza uso, "diu lian". Na sisi twasema uso umeumbwa na haya. Sasa anakuja mtu na fomu yenye kisanduku kimoja tu cha "aibu", amekiweka kwenye safu ya hisia zinazomdhoofisha mtoto. Hukumu imeshatoka, mtoto hajafungua hata mdomo!

Mtaniambia: si aulizwe mwenyewe? Wameulizwa. Nunner-Winkler na Sodian, mwaka 1988, waliwasimulia watoto habari za mwenzao aliyeiba peremende. Wengi wa miaka minne walisema mwizi amefurahi, maana amepata alichotaka. Wa miaka minane walisema anajisikia vibaya. Haya, mpelekee mtoto wa Beijing hadithi hiyo, akujibu "nanguo". Umeandika nini? Neno hilo ni huzuni, ni kujisikia vibaya, basi. Huenda anamsikitikia aliyeibiwa. Huenda anaogopa kugunduliwa. Lazima umuulize: nanguo kwa nini? Swali hilo dogo ndilo lililobeba kipimo chote, nami nimeshaliona likikatwa eti muda umebana. Usilikate!

Madodoso ya wazazi nayapitia mbiombio. Heidi Fung aliandika mwaka 1999 kuhusu familia za Taipei, kule Taiwan, ambako kumtahayarisha mtoto ni sehemu ya malezi: mzazi hujikwaruza shavu kwa kidole, "xiu xiu lian", yaani aibu, aibu usoni, mara nyingi kwa utani. Mama kama huyo ukimuuliza kama mwanawe anaona aibu, atakujibu ndiyo, na moyoni anashukuru kwamba mtoto ameanza kufundishika.

Fahari na huruma, naona mwenyekiti ananionyesha saa, tutaziacha.

Ila kwa mtakaokwenda kufanya kazi hii: kamera ianze mtafiti akiwa bado nje. Hapo mtoto yuko peke yake, mguu uko mkononi, hakuna mkubwa wa kuinamiwa. Anajaribu kuurudisha? Anauficha nyuma ya mgongo? Anatazama mlango? Andikeni hayo yote, sekunde kwa sekunde, ndipo mfungue mlango.