Hamingibedi wa Uani Kwangu Houston

Habari zenu jamani, karibuni tena uani kwangu hapa Houston, leo tunashuti nje kwa sababu Septemba ndo mwezi wao, hebu angalieni pale kwenye fida nyekundu, kile chombo cha kuwalishia ndege maji ya sukari, umemwona? Kashaondoka, subiri kidogo... haya huyo karudi! Huyo ndege mdogo ndo hamingibedi. Na najua mtaniandikia kwenye komenti kwamba hata nyumbani wapo, hapana, wale wanaokuja kwenye maua ya migomba na mishubiri ni ndege wanaoitwa chozi, ukoo mwingine kabisa, hawa wako mabara ya Amerika peke yake. Chozi mara nyingi anatua kwanza ndo anafyonza, huyu anaelea hapohapo hewani, mabawa yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, akimaliza anarudi kinyumenyume.

Kinachonifanya niwahangaikie ni safari yao. Huyu mnayemwona ana gramu 3 hivi, wengine wametoka mpaka Kanada huko, wakifika hapa pwani ya Texas wanakula mpaka uzito unakaribia kuwa mara mbili, halafu baadhi yao wanavuka Ghuba ya Mexico bila kutua popote, karibu kilomita 800, maji matupu. Mji wa Rockport, huko chini pwani, kila Septemba wanawafanyia sherehe kabisa. Sasa mgeni wa safari kama hiyo utampa maji machafu kweli?

Chakula chenyewe ni rahisi, kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida na vikombe vinne vya maji, koroga iyeyuke, ukiyachemsha yaache yapoe, basi. Asali usiweke, inachacha haraka na kuotesha ukungu unaoweza kumuua, sukari ya kahawia nayo ina madini ya chuma mengi kwao, na ile rangi nyekundu ya dukani haina kazi maana fida yenyewe ni nyekundu tayari. Na kwa joto la hapa mimi nayabadilisha kila siku, sisubiri yawe na ukungu, namwaga, nasugua kwa brashi mpaka kwenye vile vitundu, nasuuza. Kama huna muda wa kuosha usitundike fida jamani, bora upande maua tu. Siafu na sisimizi dawa yao ni kikopo cha maji kinachoning'inia juu ya fida, usipake mafuta, yanagandisha manyoya ya ndege.

Halafu maua, na hapa ndo napenda zaidi. Ule mti mfupi pale ukutani unaitwa Malvaviscus, ni ndugu wa hibiskasi, maua mekundu ambayo hayafunguki kabisa, unavumilia kivuli na unatoa maua mpaka karibu na baridi, pembeni yake ni maua yanayoitwa salvia. Maua yana faida nyingine, yanaleta wadudu wadogo, na hawa ndege hawaishi kwa sukari tu, wanakula hao wadudu na buibui wadogo, hata makinda yao wanalishwa hivyo, na kiota wanakifunga kwa utando wa buibui. Kwa hiyo mimi dawa ya kuua wadudu sipulizi humu, na utando siufagii.

Kuna dada aliuliza mbona wanafukuzana. Wana wivu hao! Mmoja anakaa kwenye tawi analinda fida kutwa nzima, tundika ya pili upande mwingine wa nyumba asikoweza kuiona, wenzake nao wale. Na yule aliyeuliza kama kuwalisha kutawafanya wasiondoke, hapana, kinachowaondoa ni siku kuwa fupi, sukari yako haiwazuii, kwa hiyo usitoe fida mapema, wapo wanaochelewa.

Mlioko Moshi, Lushoto, Iringa, niandikieni chozi wanakuja kwenye maua gani hapo kwenu, mkiwa na picha tumeni, video ijayo naonyesha ninavyopanda hii Malvaviscus kwa kukata kijiti.