Malale na krimu ya nywele za usoni

Jamani tukae, muda wenyewe mdogo. Nyie wa famasi mnanijua, hili la nani anamtafutia dawa mgonjwa asiye na hela nalirudia kila mwaka hapa Dodoma na nitalirudia tena. Malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, dawa iliyokuwepo toka 1949 ni melarsoprol, ina aseniki ndani, inaunguza mshipa, wengi walitumia bomba la kioo maana la plastiki inaliharibu, na kwenye kila wagonjwa 100 kama 5 walikufa kwa dawa yenyewe. Sasa we fikiria tabibu anavuta dawa kwenye bomba, mgonjwa kalala pale, na hesabu hiyo anaijua.

Halafu ikaja eflornithine, watu walikuwa wanaitafutia kansa huko, ikaonekana inaamsha wagonjwa wa malale ya kule Kongo, Marekani wakaipitisha 1990. Katikati ya miaka ya 90 watengenezaji wakaacha kuitengeneza! Ilikuwa inaponya, ila mgonjwa ni mkulima wa kijijini, atalipa na nini? Mwaka 2000 molekuli ileile hiyo ikaingia sokoni kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa kina mama. 2001 ndo WHO na kampuni ya dawa ya Aventis wakakubaliana ya malale itengenezwe tena, na watu walikuwa wamepiga kelele sana.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kuniambia mwalimu, dawa ni gharama, bila faida nani ahangaike? Sikatai. Watafiti wa Tufts, chuo kikuu cha Marekani, walisema 2014 dola bilioni 2.6 kwa dawa moja, wakajumlisha na zilizofeli njiani. Lakini isome vizuri hiyo hesabu, karibu nusu haijatoka mfukoni mwa mtu, ni faida ambayo hela ingezaa ingewekwa kwingine! Mimi sijasema faida ifutwe, nauliza mgonjwa asiye na hela nani anamtafutia dawa.

Hapo Kongwa tu, vikope, ule ugonjwa wa macho unaopofusha. Azithromycin inayogawiwa kuutibu, kampuni ya Pfizer wanaitoa bure, nawashukuru kwa dhati, ila ilitafutwa kwa ajili ya vifua na koo za wanaolipa, macho ya Kongwa yakaja kukumbukwa baadaye. TB nairuka, muda.

Fexinidazole lakini siiachi, nayo ni dawa ya malale. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani walikuwa nayo toka miaka ya 70, wakaitelekeza, DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, wakaifukua 2005 kwa hela za serikali na wafadhili, wakashirikiana na kampuni ya Sanofi, 2018 ikapita. Vidonge, siku 10, mgonjwa anakula ugali wake kwanza halafu anameza.