Baiskeli ya kazini, masika na kiangazi: kagua hivi kabla hujalipa

Habari zenu wapendwa. Leo tunachagua baiskeli ya kwendea kazini kila siku, jua na mvua, isiyokulaza kwa fundi. Mimi nauza za mtumba kutoka Japani hapa Buguruni, kwa hiyo nikivutia kwangu mnivumilie.

Tuanze na gia. Hizi za nje, zenye kamkono kanakoning'inia nyuma, achana nazo. Tope la njia ya Gongo la Mboto likiingia humo, cheni inaruka kila ukikanyaga. Tafuta yenye gia 3 za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, au isiyo na gia kabisa. Phoenix haina gia na watu wanabebea magunia ya mkaa.

Kava la cheni liwe zima, lifunike pande zote. Madigadi, keria, stendi, mnaviona wenyewe.

Hapa sasa tulia. Breki ya nyuma. Sogeza kamera... siyo huko bwana, huku kwenye habu! Hiki kidude cha duara. Breki iko ndani, mvua haiipati kirahisi. Zile za mpira zinazobana ringi zikilowa zinachelewa kushika. USITIE OILI. Ikilia, usitie oili. Mwambie na fundi wako, maana akisikia kitu kinalia tu, mkono uko kwenye kopo. Ukifika makutano ya Tazara na breki yenye oili, hiyo ni habari nyingine.

Gia unazipima hivi: weka namba 2, halafu tazama kidirisha kwenye kiboksi mwisho wa ekseli. Mstari ukae katikati ya alama. Haujakaa? Zungusha kirekebisho cha waya taratibu. Oili hapa pia hapana, na breki, nimeshasema.

Zungusha gurudumu... eh! Ringi inacheza. Na hii nilishaipangia bei. Spoku mbili zimelegea, tuzibane... subiri... kata hapo, nitairudia.

Chomoa siti. Kutu nyekundu ndani ya bomba? Imekaa mvuani, shusha bei. Tairi likunje kwa kidole. Likionyesha nyufa, hesabu tairi jipya. Valvu ni ileile ya kampira, pampu yoyote ya mtaani inajaza.

Ya bluu imeshalipiwa, msiniulize. Nyekundu ipo, ila siti nabadilisha kwanza.